Beti Mbili Alizoongeza Baba

Mvumilivu hula mbivu, watu husema. Retha Amburgey alikuwa amevumilia mpaka mbivu zikaoza mtini, na bado alikuwa amesimama chini yake ameshika kikapu. Tangu usichana wake aliimba katika mabaa ya Kentucky mashariki, mbele ya wanaume waliompa mgongo wakitazama mpira kwenye televisheni. Nyimbo zake zilikuwa za country, lakini si ile country ya kofia safi na malori mapya ambayo redio kubwa huipenda. Yake ilikuwa na tope. Kampuni hakuwa nayo, meneja hakuwa naye. Santuri zake alizigharimia mwenyewe na kuziuza mwenyewe nyuma ya pikapu.

Kisha mumewe akaenda zake Ohio na mwanamke wa duka la matairi. Kisha yakaja mafuriko. Mto uliingia ndani bila hodi, ukaondoka na nyumba nzima pamoja na jokofu lililojaa nyama ya kulungu. Mtu mwingine angeacha muziki akatafuta kazi ya kupanga makopo dukani, na hakuna ambaye angemlaumu. Retha alihamia kwenye trela, akaandika nyimbo, na zote zilisema neno lilelile kwa njia tofauti: usiachie. Santuri akaiita *Bado Niko Wima*. Wendell, aliyempigia lile gitaa la kulaza juu ya miguu minne, linalolia kama mtu aliyefiwa, alimwambia jina hilo ni la uongo.

"Mgongo unakuuma, dada. Wima yako ni ya kuegemea ukuta."

"Basi ukuta nao nitaushukuru kwenye jalada," Retha alijibu.

Wimbo wa kwanza kwenye santuri hiyo uliitwa "Shikilia," na ndio uliozua mambo. Unaanza na sauti ya mzee mmoja, peke yake, kavu na ya juu, akitupa mstari wa wimbo wa kanisani. Watu wanaupokea kwa mbali, upepo unasikika. Halafu gitaa la Retha linaingia chini ya ile sauti, halafu ngoma, halafu kilio cha Wendell, na mwisho Retha mwenyewe anaimba maneno yake juu ya yale ya mzee. Ukiusikia mara moja huwezi kuusahau. Hata wasiopenda country walikiri hivyo, na hao ni watu wagumu.

Sauti ile ilikuwa ya baba yake, Mzee Hobert Amburgey. Alichimba makaa ya mawe mpaka mapafu yakawa meusi, na kila mwisho wa juma alihubiri bila malipo katika kanisa dogo la Caney Lick. Wabatisti wa kale wa mabonde yale hawana piano, hawana gitaa, na kitabu chao cha nyimbo kina maneno matupu. Kiongozi hutoa mstari haraka haraka, na watu huupokea polepole, wakiuvuta na kuukunja mpaka mstari mmoja ujaze bonde. Ilianza zamani, wakati waliojua kusoma walikuwa wachache: mwenye maneno aliwapa wasio nayo. Kuweka chombo cha muziki juu ya wimbo ule, kwao, ni sawa na kumpaka Mungu rangi ya midomo.

Retha alilijua hilo tangu tumboni. Mwezi wa nane, siku ya kuwakumbuka marehemu kwenye makaburi ya ukoo kule mlimani, baba yake alisimama kutoa mistari, na kila mtu aliyekuwepo alijua kuwa ni mara yake ya mwisho. Kifua kilikuwa kimekwisha. Retha akawasha simu mfukoni mwa gauni akairekodi sauti yote. Hakumwomba ruhusa. Jibu alilijua, na mtu anayejua jibu hutafuta kila sababu ya kutouliza. Alijiambia kuwa ni zawadi, kwamba mzee atasikika hata atakapokuwa hawezi kusema. Ilikuwa zawadi kweli. Ilikuwa pia wizi, na Retha aliupenda ule wimbo kiasi kwamba hakutaka kutofautisha.

Wakati wa baridi aliutoa wimbo peke yake mtandaoni, kabla ya santuri. Redio ya wilaya ikaudaka. Kila asubuhi waliupiga baada ya bei za ng'ombe na kabla ya matangazo ya vifo. Kisha bwana mmoja wa Nashville, mji mkuu wa muziki wa country, mwenye kupanga ziara za waimbaji, akapiga simu. Alisema atakuja kwenye onyesho la kuzindua santuri, Ijumaa, na kwamba anakuja kwa ajili ya wimbo ule wa mzee. Retha alikaa kwenye ngazi ya trela akalia kwa furaha, peke yake, mpaka kahawa ikapoa.

Jumatano kabla ya onyesho alipanda bondeni kwa wazazi wake na boksi la santuri mpya kwenye pikapu. Mama yake, Oma, alikuwa jikoni akikata mkate wa mahindi. Baba alikuwa mezani mbele ya bakuli la maharage, mpira wa oksijeni puani na mtungi pembeni ya kiti.

"Kaa ule," mama alisema. Hakumbusu kama kawaida yake, na Retha akajua kuna jambo.

"Ndugu Denzil amekusikia redioni," baba alianza. Kila maneno machache alisimama kutafuta hewa. "Alikuwa anakamua. Anasema ng'ombe... aliipiga ndoo teke."

Retha alicheka. Mzee hakucheka. Denzil Pratt alikuwa rafiki yake tangu mgodini na mzee mwenzake wa kanisa. Hakuwa mtu wa kubeba umbea wa bure.

"Baba, sikufanya kwa ubaya."

"Najua. Ungefanya kwa ubaya ningekuchapa na huu mpira." Akaugusa mpira wa oksijeni. "Umetia ngoma, Retha."

"Kidogo tu."

"Kidogo, kama mto ulivyoingia kwako kidogo," mama alisema bila kugeuka.

Mzee akasukuma bakuli. "Jumamosi ni kikao cha kanisa. Nitasimama. Nitaomba msamaha."

"Wewe? Umekosa nini wewe? Waambie ni mimi. Waambie binti yako hana akili, watakubali upesi, nusu yao wanalijua hilo siku nyingi."

"Siwezi kuwaambia sikujua."

"Lakini hukujua!"

Mzee aliyatazama maharage. "Niliiona simu," alisema.

Retha aliweka kijiko chini.

"Gauni lenyewe jepesi. Ilikuwa inawaka mfukoni. Niliiona tangu ubeti wa kwanza, na ningeweza kunyamaza." Akapumua. "Badala yake nikaongeza beti mbili. Za babu yangu, hazimo kitabuni. Hakuna anayeziimba tena. Kifua kilikuwa kinakataa, nikakilazimisha. Nikasema, acha Retha azichukue." Akapumua tena. "Kwa hiyo nilitaka kusikika, mwanangu. Hilo ndilo la kuombea msamaha. Ngoma ni zako. Tamaa ilikuwa yangu."

Zile beti mbili Retha alijua vizuri zilikoishia, maana aliziua mwenyewe. Fundi wa studio alisema wimbo ni mrefu mno kwa redio, na kwamba mwishoni mzee anakwaruza na kukohoa. Retha alisikiliza mara moja akasema, kata. Baadaye simu ikajaa, akaifuta ile rekodi ndefu ili apate nafasi ya picha za jalada. Hakuwaza mara mbili.

"Zilitoka vizuri, zile mbili?" baba aliuliza.

"Zilitoka vizuri, Baba."

Oma aligeuka akamtazama bintiye, kisha akaendelea kukata mkate.

"Basi sikiliza," mzee alisema. "Nimemwambia Denzil, mpaka nisimame mbele yao, na wimbo uwe umeondolewa, mimi nakaa kiti cha nyuma, cha wenye kosa. Na wa kiti cha nyuma haimbiwi."

"Haimbiwi wapi?"

"Popote. Hata kaburini."

"Baba!"

"Arlie Stidham alikufa akiwa kiti cha nyuma. Tulimshusha kimya kimya kama gunia. Mimi ndiye niliyesema isiimbwe, na mkewe hanisalimii mpaka leo. Sasa zamu yangu sheria ilegee? Mkuki kwa nguruwe tu?"

Hapo Retha akaogopa kweli. Baba yake hakuwa na hofu ya kufa. Mapafu yalimzoesha. Jambo moja tu alilitaka duniani, na alilisema tangu Retha akiwa mdogo, kama wengine wanavyosema wanataka kuiona bahari. Alitaka ndugu zake wa kanisa wasimame kuzunguka shimo, mmoja atoe mstari, na wengine wamvute nao mpaka chini. Alikuwa amewaimbia watu wa bonde zima, wazee na vitoto vichanga. Aliona ni haki yake naye kuimbiwa.

"Nitauondoa," Retha alisema.

"Lini?"

Alimfikiria bwana wa Nashville, ukumbi, miaka yote ya migongo ya wanaume. "Ijumaa ikipita. Jumamosi asubuhi, kabla hujasimama. Nakuapia. Wa mtandaoni nauondoa, na santuri hizi siuzi nyingine hata moja."

Mzee alitabasamu kwa upande mmoja. "Kwa hiyo Ijumaa nipigwe ngoma mara ya mwisho."

"Mara moja tu, Baba."

"Haya." Akanyoosha mkono kwenye boksi akatoa santuri moja, akapapasa jalada kwa vidole vyenye makovu ya buluu yaliyoachwa na makaa. "Hii niachie."

"Hamna gramafoni."

"Nimekuuliza gramafoni? Niachie."

Ngojangoja huumiza matumbo. Retha angeweza kuuondoa wimbo mtandaoni palepale mezani. Kazi yenyewe ni kubonyeza kitufe, mkate haujapoa. Lakini alijiambia mzee ameishi na mapafu yale miaka na miaka, siku mbili hazitamshinda.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Ulikuwa sinema ya zamani mjini, viti vyake vinanuka unyevu tangu mafuriko. Watu walikuja na watoto na mabibi. Nyuma ya pazia Wendell alikuwa anakaza nyuzi.

"Mzee anaendeleaje?"

"Anakula. Wendell, huu wimbo leo ndio mwisho. Kesho nauondoa mtandaoni."

Wendell alimwangalia kama mtu aliyeambiwa mbwa wake atapigwa risasi. "Mingine yako ni mizuri, Retha. Lakini huu ndio wimbo. Unajua, siyo?"

"Najua."

"Na Nashville amekuja kwa ajili yake. Amekaa mbele pale, ana viatu vya ngozi ya nyoka. Unataka kumvunjia nyoka moyo?"

"Piga gitaa, Wendell."

Aliuweka mwisho. Taa zikazimwa, na sauti ya Hobert Amburgey ikatoka kwenye spika kubwa kama alikuwa amesimama katikati yao.

*Mlima huu mrefu, pumzi nazo ni chache,*
*Bwana nishike mkono, nisiteleze gizani.*

Wanawake walishika vinywa. Mwanamume mmoja mwenye kofia ya mgodi wake wa zamani aliinama akalia waziwazi. Retha aliimba kuliko alivyowahi kuimba, na ni ukweli mchungu kwamba wakati ule alikuwa na furaha, furaha kamili, ya mtu aliyengoja sana akafika. Walipomaliza watu walisimama. Bwana wa viatu vya nyoka alimsubiri ngazini akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nimekipata nilichokuja kukitafuta," alisema. "Jumatatu nakupigia."

Simu yake alikuwa ameiacha kwenye pikapu. Alipofungua mlango aliikuta inawaka juu ya kiti, jina la mama yake likiwa limejipanga juu hadi chini. Alipiga, na Oma akapokea kabla haijalia mara ya pili.

"Amekwenda, Retha."

"Amekwenda wapi?" alisema, ingawa alikuwa ameelewa.

"Alikuwa anakunywa supu. Akasema, 'Nimechoka, Oma.' Akaweka kijiko vizuri pembeni ya bakuli, hata hakikulia. Ndio hivyo. Nilikupigia ukiwa unaimba, nadhani."

Jumamosi asubuhi, mbele ya kanisa la Caney Lick, Retha aliketi kwenye pikapu akaiondoa "Shikilia" mtandaoni. Ilikuwa kazi ndogo kama alivyodhani. Kisha akapanda ngazi. Yeye hakuwa mshirika wa kanisa, na kwenye kikao hakuwa na sauti, kwa hiyo Denzil Pratt ndiye aliyetoka nje kumkuta, akiwa amevaa koti lake la mazishi tayari. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimeuondoa, Ndugu Denzil. Umeisha. Santuri nazo ziko ndani ya boksi, naenda kuzichoma ukitaka. Msameheni sasa."

"Hatuna cha kumsamehe, binti. Hakuna aliyemshitaki. Alijishitaki mwenyewe."

"Basi imbeni!"

"Alisema mpaka asimame."

"Amekufa! Atasimama vipi?"

Denzil alishika reli ya ngazi. "Unadhani sikuliwaza hilo? Nimelala nalo. Lakini alinishika mkono huu, Retha, Jumanne, pale jikoni kwake. Akaniambia, 'Denzil, usinionee huruma ambayo hatukumwonea Arlie.' Akaniapisha. Mtu nimechimba naye chini ya mwamba mmoja, paa likatuangukia pamoja. Nimvunjie neno kabla hata hajazikwa?"

"Ni kosa langu, si lake."

"Pengine." Mzee alijifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Lakini neno ni lake."

Retha alitamani kumpiga. Alitamani amwone kuwa katili, ingemsaidia kidogo. Lakini aliyesimama mbele yake alikuwa mzee mwenye magoti mabovu aliyefiwa na rafiki, na hakupata pa kuitua hasira yake ila kichwani mwake mwenyewe. Alirudi kwenye pikapu. Alimwandikia bwana wa Nashville kuwa wimbo haupo tena na hautakuwepo. Bwana akajibu kwa adabu sana, akampa pole, na simu ya Jumatatu haikulia.

Walimzika Jumatatu hiyohiyo kwenye makaburi ya ukoo. Njia ya kupanda ilikuwa tope tupu, ikabidi jeneza livutwe na trekta ya jirani. Watu walikuja kutoka mabonde yote. Wanaume wa kanisa walisimama upande mmoja na kofia mikononi, wanawake upande mwingine na mitandio yao. Hata mjane wa Arlie Stidham alikuja, akasimama nyuma kabisa karibu na uzio. Wendell alikuja bila gitaa lake, amevaa tai iliyomkaba.

Denzil alihubiri. Aliomba. Kisha ikafika mahali ambapo kila mtu pale, tangu azaliwe, alijua kuwa wimbo ndio unaofuata. Denzil akafunga Biblia. Hakuna aliyetoa mstari.

Mnaosema kimya ni kimya hamjawahi kusimama kwenye mazishi ya watu wale bila wimbo. Mtoto mmoja aliuliza kwa sauti, "Mbona hawaimbi?" na mama yake akamziba mdomo. Injini ya trekta iliyozimwa ilikuwa bado inatoa milio midogo ya kupoa. Wanaume wanne wakashika kamba kulishusha jeneza, na mmoja wao alikuwa analia mpaka kamba inatetemeka. Nyuma kwenye uzio, mjane wa Stidham aliinamisha kichwa. Kama alikuja kufurahi, hakufurahi.

Retha akapiga hatua mbele. Wanawake hawatoi mistari kanisani kwao, na yeye hata kanisa lenyewe halikuwa lake. Alitupa mstari wa kwanza kama baba yake alivyoutupa, haraka na juu:

*Mlima huu mrefu, pumzi nazo ni chache.*

Akangoja. Nyuso za wanaume zilikuwa chini. Midomo ya wengine ilifunguka yenyewe kwa mazoea, kisha ikafungwa. Hakuna aliyeupokea. Kwa hiyo Retha aliupokea mwenyewe. Aliuvuta polepole, akaukunja pale unapokunjwa, sauti moja ikifanya kazi ya sauti hamsini, na ilisikika nyembamba na ya aibu pale mlimani. Hakuwa na gitaa la kujifichia. Alipofika mwisho akatoa mstari wa pili, akajijibu tena. Akaumaliza ubeti ule, na uliofuata, na uliofuata. Jeneza likagusa chini. Wenye kamba wakasimama wima, hawajui kama waendelee ama wangoje.

Zikabaki zile beti mbili.

Alifungua mdomo na hakuna kitu kilichotoka. Alijua sauti ya baba yake ilivyokwaruza pale, alijua mahali alipokohoa. Maneno hakuyajua. Aliyasikia siku ile mlimani na mara moja tu studio, akayakata, na hakuna kitabu duniani kilichokuwa nayo. Alisimama mbele ya kaburi la baba yake mikono ikining'inia, mwimbaji wa miaka yote hiyo, na hakuwa na hata neno moja.

Kisha akasikia mtu anasema karibu na sikio lake, haraka, bila kuimba, kama mtu anavyomsomea mwingine asiyejua kusoma.

"Nikifika ng'ambo ile, msinililie sana."

Alikuwa mama yake. Oma alikuwa amekaa upande wa wanawake maisha yake yote akipokea, na hakuwahi kutoa mstari hata mmoja. Sasa alikuwa amesimama pembeni ya bintiye, macho yakitazama shimo, mkoba umebanwa kwapani.

Retha akaupokea, akauvuta mpaka mwisho.

"Mpeni mkono mwana, aliyebaki njiani," Oma alisema.

Huo Retha alishindwa. Alianza, sauti ikakatika. Akaanza tena, ikakatika tena. Oma hakumshika wala hakumfariji. Alirudia mstari vilevile, kwa sauti ileile, akangoja. Mara ya tatu Retha aliuvuka. Wakaendelea hivyo, mama akitoa, binti akipokea, mpaka beti zote mbili zikaisha. Wanaume hawakuimba. Hakuna aliyeondoka pia. Kisha Denzil Pratt akavaa kofia, akachukua sepetu, na udongo ukaanza kuingia.

Waliteremka pamoja, mama na binti, wakishikana kwa sababu ya tope. Chini karibu na pikapu, ambako boksi la santuri lilikuwa bado nyuma, limelowa, Oma alisimama kupumzika.

"Ulizikata, siyo?"

"Nilizikata, Mama."

"Najua. Redio ninayo."

Retha aliangalia viatu vyake. "Yeye alijua?"

Oma alitoa kitambaa, akakikunja, asikitumie. "Alisikiliza kila asubuhi. Sikutaka kukwambia, alikuwa anaona haya, mzee wa kanisa na ngoma zile. Ananiambia niongeze sauti. Ukifika mwisho anangoja, anangoja, mpaka waanze kusoma vifo." Akakirudisha kitambaa mkobani. "Halafu ananiambia, 'Ni redio tu hao, Oma, wana haraka. Kwenye santuri zitakuwepo.'"